Kiwanja Kilichoazimwa Kama Ng'ombe

Baba yangu hakuwa mtu wa makaratasi. Barua ya kiwanja chetu, aliyopewa na baraza la zamani kabla mimi sijaanza shule, aliiweka ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo juu ya kabati, na juu ya kopo akaweka Msahafu ili mwizi aone haya. Sisi watoto tulikua tukijua kwamba barua iko huko juu, na kwamba haishukishwi ovyo. Kwa miaka mingi hakuna mtu aliyekuja kuiulizia.

Halafu ugatuzi ukaja. Tulipata gavana wetu, na ofisi ya ardhi ya kaunti ikafunguliwa hapa hapa mjini Isiolo. Asubuhi moja gari lenye kipaza sauti lilipita mtaani kwetu Bulla Pesa likitangaza kwamba kila mwenye kiwanja apeleke barua yake ikahakikiwe, apimiwe upya, na kila anayeishi juu ya kiwanja aandikwe kwamba anaishi pale kama nani. Asiyeandikwa, lile gari lilisema, asije akalia baadaye.

Maneno hayo ya mwisho hayakunitoka kichwani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ualimu umenipa tabia ya kutaka kila kitu kiwe kimepigiwa mstari. Kiwanjani kwetu palikuwa na nyumba mbili. Moja ilikuwa ya baba. Ya pili ilikuwa ya fundi cherehani mmoja, mama Mmeru, na hakuna karatasi yoyote duniani iliyosema yuko pale kwa nini.

Sisi watoto tulimwita Tata, neno alilotufundisha mwenyewe, ambalo kwao ni shangazi. Baba, ambaye sisi tulimwita Aba, alimwita Fundi. Alikuja mjini na mume wake, mume akafariki, yeye akabaki na cherehani ya kukanyaga na chumba cha kupanga. Mwaka wa kiangazi kibaya hakuna aliyeshona nguo, na mwenye chumba akatia kufuli mlangoni. Mama yangu ndiye aliyemkuta barazani kwa duka moja karibu na soko la mifugo, amekaa juu ya furushi lake, akamleta nyumbani na cherehani yake ikiwa juu ya mkokoteni. Mama alikuwa hivyo. Alikuwa akienda sokoni kununua sukari, anarudi na mtu.

Baba enzi hizo alikuwa akileta ng'ombe kutoka Merti kwa lori na kuwauza hapa mjini. Kiangazi kile kilikuwa kimempunguzia karibu kila alichokuwa nacho. Alimwangalia Tata, akaangalia cherehani, akatoka nje na fimbo yake akachora mstari vumbini kutoka kwenye mwarobaini hadi upande wa barabara.

"Fundi, kaa hapa," alisema. "Maziwa yako, ng'ombe yangu."

Tata alitusimulia mara nyingi, akicheka mpaka anashika mbavu, kwamba aligeuka huku na huku akimtafuta huyo ng'ombe.

Ng'ombe hakuwapo. Baba alikuwa akifanya jambo analolijua. Kwa sisi Waborana, mwenye mifugo akiona jirani watoto wake hawana maziwa, humwazima ng'ombe mwenye ndama. Tunaita dabare. Aliyeazimwa anamkamua, anamlisha, anamtibu kama wake, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Hakuna kodi na hakuna siku ya kurudisha. Anayepokea haoni aibu kwa sababu hakuomba sadaka. Ni desturi nzuri na nimeiona ikiokoa watu. Lakini ni desturi ya mifugo, na sijawahi kusikia mtu mwingine aliyeazima ardhi kwa njia hiyo. Baba alikuwa mfugaji mpaka kwenye mifupa. Alipopewa kiwanja na baraza, alikichukua kama mnyama mwingine tu, mpole, asiyetoroka.

Basi Tata akakaa. Alianza na kibanda cha udongo, akaweka mabati, na mwishowe akajenga nyumba ya mawe, chumba kimoja baada ya kingine, kwa pesa za sare za shule. Nusu ya watoto wa mji huu wamekalia suruali zilizopita mikononi mwake. Kati ya nyumba yake na yetu kulikuwa na ua wa miiba wenye mwanya mmoja, na mwanya huo ndio uliokuwa mlango wetu sote. Mama alipofariki, Tata alipita pale akaingia jikoni kwetu, na mpaka waombolezaji wa mwisho walipoondoka alikuwa bado anachemsha chai.

Na kila Alhamisi jioni alipita mwanyani kuchukua kanzu ya baba. Ijumaa asubuhi aliirudisha imepigwa pasi ya makaa, imenyooka, ikining'inia mkononi mwake bila mkunjo hata mmoja. Hakuna aliyemwomba. Baba hakusema asante, na Tata hakuonekana kuingoja. Nilipokuwa msichana nilidhani kila mtaa una mama Mkristo anayewapigia pasi wazee wa Kiislamu kabla ya swala ya Ijumaa.

Kwa hiyo gari la kipaza sauti lilipopita, nilipanda kiti nikaishusha ile barua. Nilikuwa na sababu. Kaka yangu wa Nairobi, mkubwa wetu, alikuwa amekuja Idi iliyopita, akasimama karibu na nyumba ya Tata, akasema mbele yetu sote kwamba upande ule wa barabarani unafaa vyumba vya kupangisha. Alisema kwa upole, kama mtu anayesifia hali ya hewa. Baba alikuwa anazeeka, na mimi nilijua hesabu ya kaka yangu inaishia wapi.

Tulikwenda ofisini watatu: baba mbele na bakora yake, Tata na mkoba wake wa kanisani, mimi nyuma na kopo la maziwa ya unga, kwa sababu baba alikataa barua itolewe ndani ya kopo kabla ya kufika. Foleni ilikuwa ndefu. Wafanyabiashara wa kutoka Meru na Nyeri walikuwa na mafaili yenye vibanio. Wazee wetu walikuwa na mifuko ya nailoni. Karani aliyetupokea alikuwa binti wa Kituruki kutoka Ngaremara, mwenye sauti ya taratibu na macho yaliyochoka kwa kuangalia barua zilizokunjwa.

Barua ya baba ilikuwa safi. Karani aliilinganisha na rekodi zake, akatabasamu, akageuza ukurasa.

"Na huyu mama, Mzee? Anaishi kwako kama nani?"

"Kama yeye."

"Nauliza, ulimuuzia?"

"Astaghfirullah."

"Basi anakulipa kodi. Ni mpangaji."

Baba aliniangalia kama kwamba ni mimi niliyemtukana. "Mimi nikule kodi ya mjane? Mimi?"

"Sawa, Mzee, pole. Basi ulimpa zawadi."

Nilishusha pumzi nikidhani tumefika. Lakini Tata alikuwa ameshaweka mkoba juu ya meza.

"Zawadi ya nini?" alisema. "Nani aliomba zawadi? Mimi niko na mikono. Niliazimwa, na hiyo ndiyo nilikubali."

"Umesikia," baba akamwambia karani. "Andika dabare."

Yule binti aliweka kalamu chini. Nilimpenda kwa namna alivyojibu, kwa sababu hakuwacheka. "Mzee, hata kwetu mbuzi huazimwa hivyo. Naelewa. Lakini hapa hakuna mahali pa kuandika kuazima. Kuna mwenyewe, kuna mpangaji, kuna amenunua, kuna amepewa. Nikimwacha hivi, hayupo. Siku wewe haupo, huyu mama ni mtu amekutwa kwa kiwanja ya watu."

"Kalamu yako haina wino?"

"Iko nayo."

"Basi andika dabare."

Hapo hasira zangu zilinishinda. "Aba, sema zawadi twende nyumbani!" nilisema, kwa ile sauti yangu ya darasani, na foleni nzima ikaangua kicheko. Wazee wawili hawa, ambao dakika moja iliyopita walikuwa wanabishana na serikali, wakanigeukia mimi. Tata aliniambia ninyamaze, nilizaliwa juzi. Baba alisema mwalimu anafundisha watoto, hafundishi wazazi. Kisha baba alitoka kwa miguu, na Tata akapanda bodaboda, yeye ambaye miaka yote alikuwa akisema bodaboda ni jeneza lenye honi. Niliachwa na kopo.

Ulikuwa ugomvi wa heshima, na ugomvi wa namna hiyo hauna dawa ya haraka. Baba angemwita mpangaji, angejitukana. Tata angepokea zawadi, angekuwa maskini wa kusaidiwa baada ya kuishi miaka yote hiyo kichwa juu. Alhamisi hiyo hakuna aliyepita mwanyani. Ijumaa baba alikwenda msikitini na kanzu iliyokunjamana kama karatasi ya kufungia miraa, na aliporudi akalaumu sabuni.

Jioni nilimfuata kwenye boma la mbuzi. Kufuga ng'ombe alishaacha, lakini mbuzi wachache alikuwa nao, na boma lao la matawi ya miiba lilikuwa katikati ya uwanja, nyuma ya nyumba zote mbili. Alikuwa anakamua, kichwa kimeegemea ubavu wa mbuzi, hakuniangalia.

"Aba, kwa nini hutaki?"

"Mtu akiwa na ng'ombe yako," alisema, "anakuja kukuambia. Leo amezaa. Leo anakohoa. Leo amevunja pembe. Mnakaa, mnakunywa chai, mnaongea mambo ya ng'ombe. Sasa ukishampa kabisa, ng'ombe ni yake. Atakuja kwako kufanya nini?"

Nilichuchumaa kando yake.

"Mama yako ameenda," alisema. "Nyinyi mko na shule zenu. Nani ataniambia ng'ombe amekohoa?"

Nilikuwa nimekwenda pale na hotuba nzima, na yote iliniyeyukia mdomoni. Miaka yote nilidhani anashikilia kiwanja. Alikuwa anashikilia kanzu ya Ijumaa. Nilimpenda sana baba yangu jioni ile, na kwa kuwa nilimpenda nilimwambia ukweli.

"Na ukienda wewe, Aba? Unafikiri sote tutamwacha Fundi akae?"

"Mtamwacha."

"Hata kaka?"

Mikono yake ilisimama kwenye chuchu ya mbuzi. Alikaa hivyo mpaka mbuzi mwenyewe akaanza kulalamika. Kisha akasema, "Basi dabare imalizwe na njia yake. Ng'ombe irudi kwanza. Nikiishika kamba kwa mkono, ndio naweza kuipa mtu. Nenda umwambie."

Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kumwambia mwanamke mwenye umri wa mama yangu kwamba arudishe nyumba yake. Nilipita mwanyani. Tata alikuwa anapima pindo, pini zimejaa mdomoni. Nilimweleza, nikijikwaa kila neno: airudishe kwanza, halafu atapewa iwe yake moja kwa moja. Alizitoa pini akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Yeye mwenyewe amesema hivyo?"

"Amesema."

"Hiyo ni haki yake," alisema. Na nikaona uso wake umetulia kwa mara ya kwanza tangu tutoke ofisini. "Mtu aliyerudisha kitu cha watu anaweza kupewa. Aliyekalia ndiye anapewa kwa huruma."

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, alirudisha. Alikuwa amefagia vyumba vyote na kuosha sakafu. Cherehani na masanduku yake yalikuwa yameshaletwa sebuleni kwetu, na yeye alikuwa alale chumbani kwangu. Mashahidi walikuwa wawili, mwenye duka wa hapo kwenye kona, ambaye ni mtu wa Nyeri, na jirani yetu Msomali anayeuza maziwa ya ngamia. Baba alisimama mlangoni kwa Tata amevaa kanzu. Ilikuwa imenyooka. Tata alikuwa ameichukua siku iliyotangulia.

"Mzee," Tata alisema akimpa ufunguo, "ng'ombe yako hii. Nimeikamua vizuri. Haina kidonda."

Baba aliupokea kwa mikono miwili. "Nimeiona," alisema. "Imenona." Mama wa maziwa ya ngamia alijifuta macho kwa ncha ya shela yake. Baba akautia ufunguo kwenye kamba, akaivaa shingoni. Mpaka mashahidi walipomaliza chai, ofisi ilikuwa imeshafungwa kwa wiki hiyo. "Jumatatu," alisema.

Jumapili alishikwa na homa. Kufikia jioni alikuwa haongei vizuri, na Jumatatu, badala ya kwenda ofisini, tulikuwa wodini, dripu mkononi mwake na ule ufunguo juu ya kifua. Muuguzi alitaka kuutoa. Baba, ambaye hakuwa akinitambua hata mimi, aliukamata kwa ngumi asiuachie.

Sitasema uongo, niliogopa mara mbili. Niliogopa kumpoteza baba yangu, na niliogopa kwamba akienda, anaenda na nyumba ya Tata shingoni. Kiwanja chote kilikuwa kimerudi kwake. Mashahidi wawili walikuwa wameona kinarudi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona kinatolewa tena. Kaka yangu alipiga simu kutoka Nairobi. Aliuliza hali ya mgonjwa, nikamweleza. Kisha akasema, "Nasikia ile plot imerudi. Mwambie fundi asiharakishe kurudisha vitu vyake ndani." Nilimjibu maneno ambayo mwalimu hayaandiki, nikazima simu.

Tata alikaa upande wa pili wa kitanda akishona pindo kwa mkono. Hakuna siku aliyouliza habari ya ufunguo. Mwishowe nikamuuliza mimi, "Tata, huogopi?"

"Naogopa hiyo homa," alisema, akikata uzi kwa meno. "Yeye simwogopi."

Homa ilishuka polepole. Siku baba alipoweza kukaa aliomba chai, na siku alipoweza kusimama aliomba kanzu. Daktari alimwambia akapumzike nyumbani. Tulipotoka langoni mwa hospitali akamwambia dereva wa tuktuk, "Ofisi ya ardhi," na hakuna aliyethubutu kumpinga.

Yule binti wa Ngaremara alimtambua. Alimletea kiti upande wake wa meza, mbele ya foleni, na foleni haikunung'unika.

"Mzee, umekuja tuandike dabare?"

"Dabare imeisha," baba alisema. Sauti yake ilikuwa bado nyembamba. "Ng'ombe ilirudi. Iko kwa mkono yangu. Sasa nampa huyu. Nusu ya kiwanja, na nyumba."

"Zawadi?"

"Zawadi."

Karani alimgeukia Tata. "Mama, unapokea?"

Tata alikuwa ameshikilia mkoba kwa mikono yote miwili. "Sasa napokea," alisema.

Baba aliweka dole gumba kwenye wino. Tata aliandika jina lake herufi kwa herufi, ulimi umetokeza kidogo, na mimi nilitia sahihi kama shahidi, machozi yakinidondokea kwenye mkono. Kisha baba aliinamisha kichwa, akaitoa ile kamba shingoni, akamkabidhi ufunguo. Alikuwa mwepesi sana tulipomsaidia kusimama.

Mpimaji wa kaunti alikuja baadaye na vijana wake na mtambo wa miguu mitatu. Bikoni za zamani, yale mawe ya mpaka, zilipatikana zote, moja chini ya banda letu la kuku. Shida ilitokea walipogawanya katikati. Ule mstari wa fimbo wa baba ulikuwa umepinda, kumbe, na nusu ya kweli ilipita upande wetu wa boma la mbuzi. Boma zima lilikuwa limeangukia kwa Tata.

"Mzee, kama mnaelewana tunaweza kuusukuma mstari kidogo," mpimaji alisema.

"Nilisema nusu," baba akajibu, akaingia ndani.

Bikoni mpya ilitiwa simiti pale pale kwenye mwanya wa ua, na vijana wakaufunga kwa nguzo na waya. Tata alikuwa sokoni. Aliporudi alitazama bikoni, akatazama boma, akaingia kwake. Muda si muda barua yake ikatoka, kwa jina lake, na mhuri wa kaunti. Alikwenda kuichukua peke yake. Nilifurahi mno, na bado nyumbani kwetu kulikuwa na ukimya ambao sikuupenda. Alhamisi ikafika. Jua lilitua, na hakuna aliyekuja kuchukua kanzu. Baba alikaa mlangoni akielekea mahali palipokuwa na mwanya mpaka usiku ukaingia.

Ijumaa asubuhi niliamshwa na mlio wa panga. Baba alikuwa nje na shuka yake kiunoni, bado hajapona sawasawa, anavunja boma la mbuzi tawi baada ya tawi. Mbuzi walikuwa wamesimama wakimshangaa.

"Aba, unafanya nini?"

"Liko kwa kiwanja ya mtu."

Ndipo tuliposikia hodi. Hodi ya lango la mbele, la barabarani, ambalo Tata hakuwahi kulitumia tangu nipate akili. Alikuwa amezunguka nyumba yote. Alivaa gauni lake la Pasaka na mkononi alikuwa na rula yake ndefu ya kupimia vitambaa.

"Habari ya asubuhi, Mzee."

"Nzuri, Fundi. Karibu."

"Nani amekuambia uvunje boma langu?"

Baba aliteremsha panga. "Liko kwako. Mpimaji amesema."

"Liko kwangu, ndiyo. Kwa hivyo usiliguse." Akainama, kwa shida kidogo, na kwa ncha ya ile rula akachora mstari vumbini, akalizunguka boma lote mpaka alipoanzia. Kisha akasimama wima akamtazama baba.

"Kaa hapa na mbuzi zako," alisema. "Maziwa yako, ng'ombe yangu."

Baba hakucheka mara moja. Kwanza midomo ilimcheza, kisha akakaa chini kwenye vumbi, na hapo ndipo kicheko kilipomtoka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama aondoke, mpaka akaanza kukohoa na Tata akampiga piga mgongoni kwa ile rula.

"Na hiyo kanzu iko wapi?" Tata akaniuliza. "Jua inapanda na mtu hajapigiwa pasi. Ua wenu umefungwa, mlitaka nipite wapi jana?"

Mchana ule baba alikata waya uliofunga mwanya. Bikoni tuliiacha, maana ni ya serikali, na tukazoea kuiruka. Kuanzia wiki hiyo, kila Ijumaa Tata alileta kanzu, na baba alimpelekea maziwa ya mbuzi kwenye kikombe chenye kifuniko, akakaa barazani kwake akimweleza ni mbuzi gani amezaa na gani anakohoa. Alikuwa ameazimwa, alisema, na mtu aliyeazimwa lazima alete habari.

Baba alituacha miaka michache baadaye, kwa utulivu, nyumbani. Kaka yangu alikuja na alifanya yote yanayompasa mtoto mkubwa, nami nilimsamehe mengi. Wageni walipopungua, tulitoka naye uwanjani. Aliangalia bikoni, akaangalia boma.

"Hili liko upande wa Tata," alisema, na safari hii alisema kwa haya. "Tulihamishe. Amevumilia vya kutosha."

Tata alikuwa anapita na birika la chai ya waombolezaji, ameruka bikoni kama kawaida. Alisimama.

"Liache hapo," alimwambia. "Baba yako hajanirudishia."

Kaka yangu aliketi kwenye bikoni akafunika uso. Mimi nilichukua kikombe chenye kifuniko nikaingia bomani kukamua, kwa sababu ilikuwa Ijumaa.